Malkia Alikuwa Amevaa Ndara

Mutua na Swaleh,

Leo nimeumbuka. Sikuumbuka faraghani, kama watu wenye bahati zao. Nimeumbuka kwa kipaza sauti, na soko zima la Garissa likasikia.

Nawaandikia jioni hii hii kwa sababu basi linarudi Nairobi kesho asubuhi, na ndani yake mna abiria walioshuhudia kwa macho yao. Nataka mlipate jambo hili kutoka kwangu kwanza, kabla halijatiwa chumvi. (Chumvi haihitajiki. Mtaona wenyewe.)

Kazi yangu mnaijua, ila sijawahi kuwaeleza vizuri, kwa aibu. Tangu tuachane shuleni na karo ya chuo ikose kupatikana, mimi ni mkalimani wa video. Haji Bashir ana ukumbi wa mabati nyuma ya soko la mbuzi. Mna televisheni moja kubwa, deki moja, na mabenchi. Jenereta iko nje, inanguruma kama ngamia anayekataa kupakiwa mzigo. Picha zinakuja kwa Kiingereza na Kihindi, na wateja ni wachungaji, madereva wa malori, wauza miraa, na walimu wachache wa kutoka bara. Mimi hukaa mbele, juu ya kreti ya soda, nikiwaambia kwa Kisomali na kisha kwa Kiswahili nani amesema nini. (Kihindi sijui hata neno moja. Lakini mtu akilia, nasema analia. Hakuna aliyewahi kulalamika.)

Haji ni mtu wa dini. Wazee wa msikiti walimruhusu kwa masharti: saa za sala mlango unafungwa, na mambo ya kubusiana hayaonekani. Kwa hiyo Haji hukaa karibu na televisheni, na akiona mwanamume na mwanamke wameanza kusogeleana, anasimama mbele ya kioo, anatandaza kikoi chake kama pazia, na anakaa hivyo mpaka nimwambie yamekwisha.

Sasa, kuna picha moja iliyouteka mji huu. Tunaiita tu picha ya malkia. Ni picha ya gharama, ya majoka na wachawi na ngome juu ya mlima. Malkia ana binti mmoja, wa pekee. Joka linamnyakua yule binti na kuruka naye hadi ng'ambo ya mlima. Malkia anaacha kiti chake cha enzi, anavua viatu vya dhahabu, anaondoka kwa miguu kumtafuta. Anapita jangwa, anapita theluji. (Theluji niliitafsiri kuwa ni chumvi baridi. Ilikubalika.) Hatimaye anafika chini ya mlima, anasikia sauti ya mtoto kutoka juu, anaanza kukimbia, na hapo mchawi anatokea na kumpiga kwa fimbo ya moto. Malkia anaanguka. Mwisho. Yanatokea maandishi kwamba sehemu ya pili itakuja.

Hebu fikirieni kumfanyia binadamu jambo hilo na kumwacha aende nyumbani kulala.

Tuliionyesha mara nyingi hata kanda ikaanza kukwaruza. Watu walikuja tena na tena, nadhani kila mmoja akitumaini kwamba safari hii malkia atakimbia kasi zaidi. Ukienda kununua sukari unaulizwa, sehemu ya pili lini. Ukienda kinyozi, lini. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mbuzi, anayetoka Lafey kila mara kuleta mifugo, alikuwa akifika tu anakuja kwanza ukumbini kuuliza, ndipo aende kuuza.

Lakini aliyeuliza kuliko wote ni Eedo Habiba.

Eedo ni shangazi kwa Kisomali, ingawa hatuna udugu wa damu. Anauza chai mlangoni mwa ukumbi. Alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka wakati wa vita. Njiani, risasi zilipolia, watu walitawanyika, na binti yake Sahra akapandishwa kwenye lori na majirani. Lile lori hakuliona tena. Ameenda kambi ya wakimbizi ya Hagadera akatembea mtaa kwa mtaa, ameenda na kambi nyingine. Redioni husomwa majina ya watu waliopotezana, na kila jioni anazima jiko ili milio ya mkaa isimfunikie sauti ya msomaji.

Hakuwahi kuingia ndani ya ukumbi. Alisimama mlangoni na birika lake, akitazama. Na siku moja, malkia alipoanguka, aliniuliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza bei: je, mtoto anapatikana?

Nilimwambia ndiyo, Eedo, sehemu ya pili anapatikana.

Nilijuaje? Sikujua. Lakini ungemwona uso wake na wewe ungejua.

Kisha mvua ikaja. Nyinyi huko mmeisikia kwenye habari, sisi tumeioga. Tana ilipanda kingo, barabara ikakatika, malori yakakaa kwenye matope mpaka madereva wakaanza kufuga kuku. Kanda ya sehemu ya pili ilikuwa imekwisha kununuliwa na mpwa wa Haji huko Eastleigh na kupakiwa basini, nayo ikakaa njiani pamoja na unga na mafuta. Mji mzima ulikuwa ukingoja unga. Nyuma ya unga, ukingoja malkia.

Nami nilingoja. Sitawaficha. Baba alinipigia redio ya upepo, ile ya kuzungumzia, kutoka kwetu Hadado akasema nyasi zimefika magotini, na maziwa ya ngamia wanamwaga kwa kukosa vyombo. Nilitamani kwenda nikanuse tu ile ardhi. Lakini barabara hakuna, na hata ingekuwepo ningeenda na nini mkononi, mkalimani wa video? Basi nikawa nalala chini ya mabati yanayopigwa na mvua, najitungia mwisho wa picha ya malkia. Niliutunga kwa njia nyingi. Katika zote mtoto alirudi.

Leo mchana basi la kwanza limeingia, limepakwa tope mpaka madirishani. Haji alikuwa stendi kabla halijasimama. Alirudi mbio, mtu mzima wa umri wake, kikoi amekishika kwa mkono mmoja na kifurushi kwa mwingine.

"Fideo imefika," akasema.

Jalada lilikuwa limelowa likachanika. Ulibaki uso wa malkia na namba mbili kubwa ya dhahabu. Maandishi mengine yote maji yalikuwa yameyala. Nilitaka niitazame kwanza, hata kidogo tu, kama desturi. Haji akaniambia mafuta ya jenereta ni ya kubahatisha siku hizi, na nikichungulia nje nitaona sababu ya pili. Nikachungulia. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye zizi la mbuzi.

Baada ya sala ya alasiri mlango ukafunguliwa. Sijawahi kuona ukumbi ule umejaa namna ile. Mzee wa Lafey alikaa mbele kabisa. Mwalimu Kerubo, yule wa kutoka Kisii anayefundisha Kiingereza, alipata nafasi pembeni karibu na ukuta, leso begani. Na Eedo Habiba, kwa mara ya kwanza, aliliacha jiko na kuingia. Alisimama ndani ya mlango. Alikuwa amevaa baibui yake ya Idi.

Nilishika kipaza sauti. Niliwakaribisha kwa jina la Mwenyezi Mungu. Niliwakumbusha tulikoachia. Nilifanya madaha, wenzangu, siwezi kukana. Nilisema, "Leo kila aliyeuliza atajibiwa."

Haji akabonyeza deki.

Ikaanza vizuri. Muziki ule ule mzito, mlima ule ule. Malkia yuko chini pale pale alipoanguka, mchawi amesimama juu yake na fimbo. Ukumbi ukatulia hata ukasikia jenereta peke yake. Kisha akatokea mtu mwenye ndevu na kofia, kibao cha milia mkononi mwa mwenzake, kibao kikapigwa pa, na malkia akainuka, akajipangusa vumbi matakoni.

Nikasogeza kipaza sauti mdomoni. Kisha nikasema, "Malkia amefufuka."

Watu wakashusha pumzi. Mwenye ndevu akasema maneno ambayo sikuyapata vizuri, malkia akarudi mahali pake, mchawi akampiga, akaanguka tena. Kibao, pa. Akainuka. Akapigwa, akaanguka.

Mzee wa Lafey akageuka kuniuliza huyu malkia anakufa mara ngapi. Nikamjibu kwamba uchawi wa huyu bwana ni wa kurudiarudia, ndiyo maana ni mgumu. Akatikisa kichwa, akaridhika. Mimi jasho lilikuwa limeanza kunitoka, kwa maana kule nyuma ya mlima nilikuwa nimeona gari. Gari, wenzangu. Pikapu nyeupe.

Picha ikabadilika. Sasa malkia ameketi kwenye kiti cha kukunja. Taji lipo kichwani. Vazi la kifalme lipo. Chini amevaa ndara, za plastiki, kama hizi zetu, na mkononi ana kikombe cha chai. Na anayemmiminia chai ni mchawi.

Ukumbi mzima ukageuza macho kwangu.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilikuwa nimeshaelewa: hii haikuwa sehemu ya pili. Hii ilikuwa habari ya namna sehemu ya pili ilivyotengenezwa, kanda ya kuwatia watu hamu kabla picha yenyewe haijatoka. Kama kwamba sisi tulipungukiwa na hamu. Ningesimama niseme, jamaa, tumekosea. Lakini nilimwona Eedo kwa pembe ya jicho, na baibui ile, nikasikia mdomo wangu unasema:

"Wazee wamekaa. Mchawi amekubali kosa. Diya imelipwa, na sasa wanakunywa chai ya suluhu."

Wallahi walikubali. Walifurahi hasa. Mtu mmoja nyuma akataka kujua hiyo diya, fidia ya damu, ilikuwa ngamia wangapi, na kabla sijajibu, wengine wakaanza kubishana kwamba malkia hahesabiwi kama mtu wa kawaida. Nikaona kumbe yawezekana. Nikapata nguvu. (Hizo ndizo nguvu zinazomsukuma mtu kisimani.)

Wakaja watu wa mipira ya maji. Walisimama juu ya magari ya maji, wakaelekeza mipira hewani, mvua ikanyesha juu ya ngome peke yake huku pembeni jua linawaka. Nikasema malkia ana askari wa mvua. Mzee wa Lafey aliinua mikono akasema yarabi, askari kama hao wangekuwa kwetu miaka ile ya ukame.

Wakaja maseremala wakipigilia misumari ngome ya mbao. Nikasema ngome inajengwa upya. Ngome ikachomwa moto. Nikasema maadui wamerudi. Nilimtazama Mwalimu Kerubo: ameuma leso kwa meno, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka. Alikuwa anasikia Kiingereza chote. Akaniacha niendelee. Baadaye aliniambia alikuwa na hamu ya kuona nitafika wapi.

Nilifika kwenye joka.

Joka lilikuwa limelala ubavu. Akaja msichana, akavuta zipu tumboni, tumbo likafunguka, na akatoka mwanamume mnene, ameloa jasho, kifua wazi, akaomba maji.

Kulikuwa na mtu aliyemezwa katika sehemu ya kwanza, mlinzi wa mlango, hata jina hana. Nikamshika huyo huyo. Nikatangaza kwamba mlinzi ametoka tumboni mzima, kama Nabii Yunus alivyotoka tumboni mwa samaki. Watu wakasimama. Wakapiga makofi. Haji Bashir alilia, nilimwona anafuta macho kwa kikoi chake.

Na katika makofi yale nikasikia sauti ya Eedo. Haikuwa kubwa, lakini watu walinyamaza kumpisha.

"Abdi, na mtoto? Mtoto naye yumo humo?"

Na kama vile mashine ilikuwa imemsikia, mtoto akatokea. Binti wa malkia, yule yule, nywele zile zile za kusokotwa. Ameketi kwenye mapaja ya mwanamke mnene mwenye miwani, anakula mkate, na yule mwanamke anamchana. Malkia akapita mbele yao na ndara zake, wala hakugeuka kumtazama.

Ukumbi ukachafuka. Huyo mwanamke ni nani? Mbona malkia amempita mwanawe? Amemsahau? Wamemloga? Mzee wa Lafey alisema haiwezekani, hata ngamia hampiti ndama wake. Yule wa miwani alikuwa mama wa kweli wa yule mtoto, ndivyo sauti ya Kiingereza ilivyosema. Sasa hilo unalisemaje, mbele ya watu waliomtembeza malkia kwa miguu yao?

Haji akanijia ameinama, akaninong'oneza sikioni: hii fideo ina shida gani?

Nikashusha kipaza sauti magotini. Nikamnong'oneza na mimi, "Haji, hii si picha. Ni habari ya jinsi walivyoipika. Sehemu ya pili yenyewe haimo. Nasema uongo tangu mwanzo, na sijui nitamtoaje huyu mtoto."

Swichi ya kile kipaza sauti iliharibika zamani. Hakizimiki. Na juu ya paa Haji amefunga spika ya pembe, imeelekea sokoni, ili mpita njia asikie na avutike aingie.

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka ukuta wa soko, imechelewa kidogo, wazi kama adhana: nitamtoaje huyu mtoto.

Halafu kicheko kikaanza nje, kwa wauza mbogamboga. Kikapita kwa wachinjaji. Kikaja kwenye zizi, kikaingia mlangoni, na ukumbi wangu mwenyewe, watu niliowafufulia malkia, wakaangua. Mwalimu Kerubo aliteleza akakaa chini sakafuni. Mzee wa Lafey alicheka mpaka akakohoa, mpaka akapigwa mgongoni. Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililoniua kabisa. Ningepigwa viatu ningejua pa kukimbilia.

Eedo Habiba hakucheka. Alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama karibu na kreti yangu. Kicheko kikapungua kwa hatua zake.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui, Eedo."

"Na siku ile uliponiambia anapatikana?"

"Nilitaka apatikane."

Kipaza sauti kilikuwa bado hai, kwa hiyo na hilo soko lililisikia, lakini huko nje nako kulikuwa kumetulia.

"Hata mimi," akasema. Kisha akageuka kwa Haji, akamwambia airudishe kanda mwanzo, na mimi niseme wanachosema wale watu wenyewe, nisiwaongezee. Akaketi benchi ya mbele. Mzee wa Lafey alimsogezea nafasi.

Basi tukaanza upya. Nadhani nilitegemea watu waondoke. Hawakuondoka. Walioingia kutoka sokoni walisimama nyuma, na Haji hakumtoza mtu kitu. Nikasema ukweli, sentensi kwa sentensi, na kila niliposhindwa Mwalimu Kerubo alinitilia neno kutoka kule sakafuni.

Na ukweli wake ulikuwa wa ajabu kuliko uongo wangu. Yule wa kutoka tumboni mwa joka alisema ndani kuna joto hata hawezi kuona, anaongozwa kwa sauti tu, na kwamba tangu waanze kazi hajaenda kwao, na mkewe amejifungua yeye akiwa tumboni mle. Hapo ukumbi ulisema "eeh" kwa pamoja, kwa maana pale ndani kila mtu ana mtu aliye mbali. Seremala mmoja mzee alisema milango yote ya ngome aliichonga kwa mkono wake, na alijua siku ya kwanza kwamba itachomwa. Walipoichoma alisimama mbali akavua kofia. Wale wa mipira ya mvua walifafanua namna wanavyofanya, na mzee wa Lafey alisikiliza kwa makini sana, akaniomba niirudie sehemu ile.

Mwishoni walionyesha watu wa huko kwao wanaoingoja picha. Walikuwa wamelala nje kwenye baridi, barabarani, na mablanketi, ili wawe wa kwanza kuingia siku itakapoonyeshwa. Vijana wamejipaka nyuso kama mchawi. Mtu mzima amejifunga mabawa ya joka. Watu wetu waliwacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa kuwa nao walikuwa wamekuja na matope mpaka magotini.

Kati yao alikuwepo bibi mmoja mwenye mvi, amejifunika shuka, peke yake. Mwandishi akamuuliza kwa nini ateseke hivi katika umri wake. Bibi akajibu, nami nikatafsiri: "Nataka nione kama mtoto anafika nyumbani."

Eedo aliinua kichwa. Aliniuliza yule bibi ni wa kabila gani. Nikamwambia sijui, ni mzungu. Akasema haidhuru, na akaendelea kumtazama mpaka alipoondolewa kwenye kioo.

Kisha yule mwenye ndevu, mkubwa wa kazi yote, akaulizwa swali lenyewe. Je, binti anapatikana? Alicheka, akashika ndevu, akasema njooni mtazame. Kanda ikaishia hapo.

"Yeye anajua," Eedo akasema.

"Anajua, Eedo."

"Na hataki kusema."

"Hataki."

"Si kitu," akasema. "Bora kuna anayejua."

Adhana ya magharibi ikaingia, Haji akazima jenereta, watu wakatoka kimya kimya kuliko walivyoingia. Lakini msidhani nimesalimika. Mnajua sisi Wasomali hatumwachi mtu na jina alilopewa na mama yake. Mguu wako ukiwa mfupi utaitwa Mguu, na wajukuu zako wataitwa wa Mguu. Kabla sijafika bombani kutawadha nilikuwa nimeshaitwa mara kadhaa. Mimi sasa ni Abdi Diya. Imam mwenyewe, mtu mzito asiyetania, alinisalimu na kuniuliza kama wazee wamekaa.

Haji ameapa kwamba mpwa wake atatumwa tena, na safari hii ataisoma kanda pande zote mbili, kisha atamsomea na jirani.

Nilipokuwa nafunga ukumbi, Eedo alikuwa anaosha vikombe. Nilienda kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, hata yenye aya. Hakunipa nafasi. Alinimiminia chai iliyobaki, akaniambia kanda ya kweli ikifika niitazame kwanza peke yangu, mlango umefungwa.

"Akipatikana, sema wanavyosema," akaniambia. "Asipopatikana, sema yako. Uongo wako haukuwa mbaya, Abdi. Ulikimbia mno tu."

Basi ndugu zangu, mkishamaliza kucheka (najua mmelala chini), ketini nyote wawili mnifikirie namna ya kumtoa yule mtoto mlimani kwa njia ambayo mwanamke mwenye akili ataiamini. Barabara inakauka haraka.

Mwenzenu,
Abdi